Kurt Gerron na Mji Uliopakwa Rangi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara wanafunzi walinipa mifano ile ile ya sokoni: machungwa mazuri yaliyopangwa juu na mabovu chini, au shati kuukuu lililopigwa pasi likauzwa kama jipya. Mimi ningependa kuongeza mfano mmoja ambao haukutoka sokoni. Ni mfano wa mji mzima uliopakwa rangi ili wageni wauone, na wa mtu mmoja, mwigizaji kwa kazi yake, aliyeamriwa kuutengenezea filamu. Mtu huyo aliitwa Kurt Gerron.

Najua kwamba wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo. Gerron alizaliwa Berlin tarehe 11 Mei 1897, mtoto pekee wa wazazi Wayahudi waliokuwa wafanyabiashara. Jina la ukoo wake hasa lilikuwa Gerson. Gerron ni jina alilojichagulia kwa ajili ya jukwaa. Alikusudia kuwa daktari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikwenda vitani kama vijana wengine wa Kijerumani, akajeruhiwa vibaya, akaanza masomo ya udaktari, kisha akarudishwa jeshini kutibu majeruhi wenzake. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalihitaji mbele: mtu huyu alimwaga damu yake kwa ajili ya Ujerumani.

Vita ilipokwisha aliuacha udaktari, na mwaka 1920 akaingia katika michezo ya kuigiza. Alikuwa mtu mnene sana, mwenye sauti nzito na macho makubwa. Kwa umbo lile asingeweza kuwa kijana mzuri anayependwa na msichana wa hadithi, wala yeye hakujidanganya. Akawa mwigizaji wa aina ile ambayo watazamaji huikumbuka sura yake na kulisahau jina lake. Leo ni mkuu wa polisi, kesho ni wakili, keshokutwa ni daktari asiyeaminika au mwenye kilabu cha pombe. Waigizaji wa namna hiyo ni kama chumvi katika mboga. Hakuna asemaye amekula chumvi, lakini isipokuwamo kila mtu hujua. Gerron alicheza katika filamu nyingi sana kwa muda wa miaka kumi na kitu tu.

Tarehe 31 Agosti 1928, katika jumba moja la michezo mjini Berlin, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Bertolt Brecht wenye muziki wa Kurt Weill, uitwao Die Dreigroschenoper, yaani Opera ya Senti Tatu. Gerron alikuwa na sehemu mbili. Alikuwa mkuu wa polisi, tena alikuwa mwimbaji wa mtaani anayefungua mchezo kwa wimbo wa kumtangaza mwuaji Mackie. Wimbo ule baadaye ulizunguka dunia nzima na kuimbwa kwa lugha nyingi, na wengi walioucheza dansi hawakujua kwamba wa kwanza kuuimba mbele ya watazamaji alikuwa mtu huyu mnene.

Mwaka 1930 ikatoka filamu ya Der blaue Engel, yaani Malaika wa Buluu, iliyoongozwa na Josef von Sternberg. Mimi niliiona kwenye kanda ya video chuoni, aliyoileta mwalimu mwenzetu wa historia. Ni habari za mwalimu wa sekondari, mzee mwenye heshima zake, anayempenda mwimbaji wa kilabuni, akaacha kazi, akaishia kuwa kichekesho jukwaani. Gerron ndiye Kiepert, mfanya mazingaombwe na bwana wa kikundi kile, ambaye mwishoni anampasulia mwalimu mayai kichwani mbele ya watu wa mji wake mwenyewe. Sisi walimu tulioitazama usiku ule hatukucheka hata kidogo. Nilimchukia yule mnene kwa moyo wote, na ndipo nilipotaka kujua ni nani. Sikutarajia kwamba nikishajua nitamhurumia kuliko mwalimu wa filamu.

Katika filamu ile walikuwamo watu wanne mashuhuri. Mwalimu aliigizwa na Emil Jannings. Mwimbaji alikuwa Marlene Dietrich. Kijana mwenye nguvu anayemnyang'anya mwalimu mke alikuwa Hans Albers. Wa nne ndiye Gerron. Wanne hao walisimama chini ya taa zile zile, wakala chakula pamoja, na bila shaka wakataniana. Miaka mitatu baadaye upepo ulivuma ukawatawanya, kila mmoja njia yake.

Hitler alishika madaraka Januari 1933. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Wanazi walitangaza siku ya kuyasusia maduka na shughuli za Wayahudi nchini kote. Gerron, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwongozaji wa filamu, alikuwa kazini studioni akitengeneza filamu nyingine. Kazi ikasimamishwa, na yeye pamoja na Wayahudi wengine wakaamriwa kuondoka. Kidonda chake cha vita hakikuhesabiwa. Aliondoka Ujerumani na mkewe Olga na wazazi wake, akaenda Paris, akafanya kazi pia Austria, na hatimaye akatua Uholanzi, mjini Amsterdam. Huko alijifunza kuanza upya. Aliongoza filamu za Kiholanzi na kupanda jukwaani kwa lugha ya watu wengine.

Rafiki zake waliotangulia Marekani, akiwamo mwigizaji Peter Lorre na yule mwongozaji Sternberg, walimtafutia nafasi Hollywood zaidi ya mara moja. Hakwenda. Alipenda kubaki Ulaya. Ni rahisi leo kumwona mjinga, sisi tunaojua mwisho wa hadithi. Lakini mtu mwenye wazazi wazee, mwenye kazi inayomlisha, katika nchi yenye amani, huhama mara ngapi? Baada ya kisa kila mtu mwerevu.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi, na mlango ukafungwa. Mwaka huo huo Wanazi walitoa filamu ya kuwatukana Wayahudi, iitwayo Der ewige Jude, na ndani yake wakabandika vipande vya filamu za zamani alimoigiza Gerron, ili watazamaji waone eti hivi ndivyo Wayahudi walivyo. Sehemu za kuigiza, alizoandikiwa na wengine na kulipwa mshahara kuzicheza, ziligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Wanazi kuitumia kazi yake. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka 1943 wazazi wake walipelekwa katika kambi ya Sobibor, wakauawa. Yeye na mkewe walifungwa katika kambi ya Westerbork, humo humo Uholanzi, na Februari 1944 wakahamishiwa Theresienstadt, mji mdogo wa ngome katika nchi ya Wacheki ambao Wanazi waliugeuza kuwa gereza la Wayahudi. Kwa miaka ya vita watu wapatao 140,000 walipitishwa hapo. Zaidi ya 30,000 walifia humo humo kwa njaa na maradhi, na zaidi ya 80,000 walisafirishwa kwenda mashariki, wengi wao wasirudi. Humo Gerron aliruhusiwa kuunda kikundi cha burudani kilichoitwa Karussell, maana yake bembea ya kuzunguka. Aliuimba tena ule wimbo wa mwuaji Mackie, safari hii mbele ya watu wenye njaa.

Theresienstadt ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kufunga watu. Ilikuwa kambi ya kuonyesha wageni. Serikali ya Denmark ilikuwa ikiulizia habari za raia wake Wayahudi waliofungwa pale, na Wanazi wakakubali watu wa Msalaba Mwekundu waje watazame. Matayarisho yakachukua miezi. Nyumba zilipakwa rangi, maua ya waridi yakapandwa, kibanda cha muziki kikajengwa katika uwanja, watoto wakatengenezewa mahali pa kuchezea. Na kwa kuwa mji ulionekana kusongamana, mwezi Mei watu wapatao 7,500 waliondolewa na kupelekwa Auschwitz ili nafasi ipatikane. Tarehe 23 Juni 1944 wakaja wageni watatu, wawili kutoka Denmark na mmoja kutoka Uswisi. Walitembezwa kwa njia iliyopangwa, wakaona walichopangiwa kuona. Yule wa Uswisi aliandika taarifa nzuri, akidhani kwamba watu wakishafika pale hawapelekwi tena kwingine.

Hapa sina budi kusimulia habari yangu mwenyewe, ingawa naona haya.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa na upungufu mkubwa wa madawati. Darasa la tatu na la nne walikaa chini. Siku moja tukaletewa habari kwamba wageni wakubwa wangetutembelea, nasi tukaelezwa kwamba shule isitie aibu. Mimi sikubisha. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukafagia mpaka nyuma ya vyoo, kisha tukaazima madawati arobaini kutoka shule jirani, yakaja kwenye tela la trekta usiku. Watoto tuliwafundisha majibu. Asubuhi ile msichana mdogo wa darasa la tatu alilifuta dawati lake kwa pindo la gauni, akaketi ameunyoosha mgongo, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo. Haya madawati yanarudi kwao lini?" Nikamwambia kesho. Akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akaendelea kuketi vile vile, wima.

Wageni walifurahi, wakaandika maneno ya sifa katika kitabu cha wageni. Mwaka uliofuata nilipoomba madawati nilijibiwa kwa barua fupi kwamba kwa taarifa zilizopo, shule yangu haikuwa na upungufu huo. Watoto wale waliendelea kukaa chini mpaka wakamaliza. Nilikuwa nimewaibia kwa mkono wangu mwenyewe.

Silinganishi mambo haya mawili, ningekuwa mwendawazimu. Mimi nilihofia aibu na labda uhamisho, na hakuna aliyekufa. Nimeyasimulia kwa sababu moja tu: tangu siku ile najua kwamba anayepamba uongo wa wakubwa mara nyingi si mtu mbaya, na kwamba gharama yake hulipwa na wale walioketi kwenye dawati la kuazima.

Baada ya ziara ile kufaulu, wakuu wa SS waliamua kuendelea na mpango waliokuwa nao wa kutengeneza filamu ya mji ule wa rangi. Gerron aliamriwa kuandika mpango wa filamu na kuongoza. Kazi ya kupiga picha ilifanywa na kampuni ya Kicheki, chini ya macho ya SS, kuanzia katikati ya Agosti mpaka katikati ya Septemba 1944. Katika picha hizo watu wanacheza mpira, wanamwagilia bustani, wanasoma maktabani. Watoto wanaimba opera yao iitwayo Brundibár, iliyotungwa na Hans Krása, naye mfungwa mle mle. Okestra inapiga muziki wa Pavel Haas, ikiongozwa na Karel Ančerl, na Haas mwenyewe anasimama kuinamia makofi. Gerron, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa hana studio ya Kijerumani, alipewa tena kamera na taa.

Wapo wafungwa wenzake waliomlaumu. Walisema aliifanya kazi ile kwa bidii mno, kana kwamba amesahau alipo. Wengine walisema hakuwa na hiari, na kwamba kila siku ya kupiga picha ilikuwa siku moja zaidi ya kuishi, kwake na kwa waliopigwa picha. Nadhani pande zote mbili zilisema kweli. Fundi akipewa chombo chake baada ya kunyimwa miaka mingi, mikono yake hufanya kazi vizuri hata kama moyo unakataa. Seremala aliyefungwa akiamriwa kutengeneza mlango wa gereza, hawezi kuupinda kwa makusudi bila kuuma meno. Hilo si kosa dogo, lakini pia si dhambi ya yule aliyemfunga.

Mara picha zilipokwisha kupigwa, safari za treni zikaanza tena. Kati ya 28 Septemba na 28 Oktoba 1944 treni kumi na moja ziliondoka Theresienstadt kwenda Auschwitz zikiwa na watu zaidi ya 18,000. Walikuwamo wengi wa wale walioonekana kwenye filamu, watoto na wapiga muziki. Krása na Haas waliuawa mwezi huo. Gerron na Olga walipandishwa treni ya mwisho kabisa, ile ya 28 Oktoba, na walipofika waliuawa kwa gesi. Hakuruhusiwa kuiunganisha filamu yake wala hakuiona. Ilimaliziwa na wengine Machi 1945, wakati Ujerumani ilikuwa inakaribia kushindwa, na haikupata kuonyeshwa kwa umma.

Na wale watatu wengine? Dietrich alikataa kurudi kwa Hitler, akawa raia wa Marekani mwaka 1939, akaenda kuwaburudisha askari waliokuwa wakipigana na Wanazi. Jannings alibaki, akatunukiwa, na mwaka 1941 akaigiza katika filamu kubwa ya propaganda juu ya Makaburu na Waingereza. Albers naye alibaki, na mwaka huo huo wa 1941 aliigiza kama Carl Peters.

Jina hilo sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa. Ni yule aliyekuja mwaka 1884 kukusanya mikataba Usagara na jirani zake, na baadaye akawanyonga watu Kilimanjaro kwa ukatili ambao hata serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Wanazi walimpaka rangi akawa shujaa. Na katika filamu hiyo alikuwamo mtu wa kwetu, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alikuwa askari wa Wajerumani angali mtoto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita wa baba yake na wake mwenyewe, asilipwe. Aliishi kwa kazi ya uhudumu, kwa kufundisha Kiswahili, na kwa kuigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu, yaani naye alikuwa mtu wa pembeni mwa picha. Baada ya filamu ya Peters alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu kifo cha Gerron haukuwa umetimia mwezi.

Nikiwaweka Albers, Gerron na Husen pamoja naona jambo moja. Wote watatu waliupamba uongo. Albers aliweza kukataa akabaki hai, maana alikuwa kipenzi cha umma. Pengine angepoteza mshahara na sifa. Husen alikuwa akitafuta mkate katika nchi iliyokwisha kumnyima haki yake. Gerron alikuwa na bunduki mgongoni. Historia ikiwahukumu kwa kutazama picha peke yake, itawaona sawasawa. Ndiyo maana siwaambii walimu vijana waulize tu "alifanya nini?" Nawaambia waulize pia "alikuwa na mlango gani wa kutokea?" Kwa kipimo hicho mimi mwenyewe, na madawati yangu arobaini, nasimama karibu zaidi na Albers kuliko ninavyopenda. Mimi nilikuwa na mlango. Ningeweza kuwaambia wageni, karibuni, hivi ndivyo tulivyo.

Katika filamu ile ya Theresienstadt vimebaki vipande vya dakika ishirini hivi. Wapo wanaosema ingefaa visionyeshwe kamwe, kwa kuwa ni uongo. Mimi sikubaliani nao. Maua yalikuwa uongo, na makofi pia, lakini nyuso ni za kweli. Kwa wengi wanaoonekana mle, hizo ndizo picha zao za mwisho wakiwa hai. Ukizitazama taratibu, bila kuisikiliza sauti ya mtangazaji, unaona watoto wakila mkate kwa haraka kuliko mtoto aliyeshiba. Walioamuru filamu hawakuliona hilo. Sijui kama Gerron aliliona, lakini alikuwa fundi, na fundi huona.

Msichana wa darasa la tatu sasa ni mama mtu mzima. Tulikutana msibani miaka michache iliyopita, akanisalimia kwa heshima kama zamani. Nilimwomba radhi kwa ajili ya dawati lile. Alicheka, akasema, "Mwalimu, mimi nakumbuka ile siku moja niliyoandika bila kuinama." Akanisindikiza mpaka barabarani. Njia nzima sikupata la kumjibu.